Je, breki za nyuma za pikapu yako zinafanya kazi?

Na Mwandishi Wetu

KILA msimu wa nyanya unapowadia, pikapu hupakia matenga huko Ilula, wilayani Kilolo, na kuanza safari ya kuelekea Dar es Salaam. Kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni hulazimika kuuteremka mlima wa Kitonga, wenye kona kali na mteremko usiomwonea haya dereva mzembe. Hapo ndipo wenye magari wengi hugundua jambo ambalo katika mitaa ya Kariakoo wasingeligundua mwaka mzima: kwamba gari lao limekuwa likisimamishwa na breki za mbele peke yake.

Mjini si rahisi kulijua hilo. Pikapu hutembea tupu siku nyingi, mwendo ni mdogo na foleni ni ndefu. Pedali ikishuka chini kidogo, dereva huikanyaga mara mbili na safari inaendelea. Handbreki ikiwa haishiki, jiwe hutafutwa na kuwekwa chini ya tairi. Jiwe hilo husafiri na gari, likawa kama sehemu ya vifaa vyake.

Jiwe hilo ni dalili ya ugonjwa. Linaeleza kwamba breki za nyuma, ambazo katika pikapu nyingi ni za dramu, hazijarekebishwa kwa muda mrefu. Makala haya yanaeleza jinsi breki hizo zinavyofanya kazi, kwa nini hulegea, namna zinavyorekebishwa, na mambo ya kuzingatia kwa yule anayetaka kuziongezea nguvu.

Teknolojia ya zamani isiyozeeka

Breki ya dramu ina umri wa zaidi ya miaka 100. Mfaransa Louis Renault ndiye anayetajwa kuwa aliiweka katika umbo tunalolijua leo, mwaka 1902. Wakati huo viatu vya breki vilisukumwa kwa vyuma na nyaya. Matumizi ya mafuta kusukuma breki yalikuja baadaye. Gari la Duesenberg Model A la mwaka 1921, lililotengenezwa Marekani, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuuzwa likiwa na breki za mafuta katika magurudumu yote manne.

Breki za diski zilipoenea, wengi walidhani dramu imefikia mwisho wake. Haikuwa hivyo. Toyota Hilux, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, iliendelea kuuzwa katika nchi nyingi ikiwa na dramu nyuma hata katika kizazi chake cha nane kilichotoka mwaka 2015. Hata gari la umeme la Volkswagen ID.4, lililozinduliwa mwaka 2020, lilipewa dramu nyuma.

Sababu zake ni za msingi. Dramu ni kifaa kilichofungwa, hivyo matope na vumbi havikifikii kwa urahisi. Ni ya bei nafuu, viatu vyake hudumu muda mrefu, na handbreki huunganishwa humo humo bila kuongeza mtambo mwingine. Aidha, gari linapofunga breki uzito wake huhamia mbele, hivyo katika gari tupu breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi.

Tatizo ni kwamba pikapu haikununuliwa itembee tupu. Tani moja ya mzigo inapowekwa kwenye bodi, uzito mkubwa huangukia ekseli ya nyuma. Tairi za nyuma, ambazo jana zilikuwa nyepesi, leo ndizo zinazoikamata barabara kwa nguvu zaidi. Ikiwa breki zake zimelala, nguvu hiyo yote inapotea bure, na breki za mbele hubebeshwa kazi isiyokuwa yao.

Ndani ya dramu kuna nini?

Ukifungua gurudumu la nyuma utakuta dramu, yaani chuma cha duara chenye umbo la sufuria, kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake, katika bamba la chuma lisilozunguka, kuna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Mafundi huviita breki shuu. Mgongoni kila kiatu kimegandishwa lainingi, ambayo ndiyo inayosugua dramu na kusimamisha gari.

Juu kuna silinda ndogo yenye pistoni mbili. Dereva anapokanyaga pedali, mafuta husukumwa kutoka masta silinda hadi humo, pistoni hutoka, na viatu husukumwa kuelekea kwenye dramu. Pedali ikiachwa, springi huvirudisha viatu mahali pake. Kati ya viatu hivyo kuna kipande cha chuma chenye hesi na gurudumu dogo la meno, ambalo wengi hulifahamu kwa jina la nyota. Nyota ikizungushwa upande mmoja, kipande hicho hurefuka na viatu husogea karibu na dramu. Ikizungushwa upande mwingine, viatu hurudi ndani.

Kuna siri moja inayoifanya breki ya dramu iwe na nguvu kuliko udogo wa silinda yake. Gari linapokwenda mbele, kiatu cha mbele hukokotwa na dramu yenyewe na kuzidi kujikaza. Dereva anasukuma kidogo, mzunguko wa gurudumu unamalizia. Ndiyo maana kiatu cha mbele mara nyingi huisha kabla ya cha nyuma, na si ajabu wala kosa la fundi.

Kwa nini hulegea?

Kila breki inapofungwa, lainingi hupungua kidogo sana. Kadiri inavyopungua, pengo kati yake na dramu huongezeka. Pengo likiwa kubwa, mafuta mengi zaidi yanahitajika kuvisukuma viatu hadi viguse dramu, na hayo yanapatikana kwa pedali kwenda chini zaidi. Dereva anapokanyaga mara ya pili kwa haraka, viatu havijarudi kabisa, hivyo pedali huonekana kupanda. Hii ndiyo sababu ya tabia ya kupiga breki mara mbili mbili.

Magari mengi yana utaratibu wa nyota kujizungusha yenyewe ili kufidia pengo hilo. Namna inavyofanyika hutofautiana. Katika baadhi ya magari nyota huzunguka breki inapofungwa gari likirudi nyuma; katika mengine, zikiwamo baadhi ya pikapu za zamani za Toyota, huzunguka handbreki inapovutwa.

Hapo tunarudi kwenye jiwe letu. Dereva anayeegesha gari kwa jiwe havuti handbreki. Asipovuta handbreki, katika gari la namna hiyo nyota haizunguki. Nyota isipozunguka, pengo huongezeka, handbreki huzidi kulegea, na dereva huzidi kuliamini jiwe. Baada ya mwaka mmoja au miwili hesi ya nyota hushika kutu, na hapo hata akianza kuvuta handbreki kila siku hakuna kitakachosogea.

Joto na hesabu ya mteremko

Pengo hilo hudhihirisha hatari yake mlimani. Chukua pikapu yenye uzito wa tani tatu pamoja na mzigo. Kwa kila mita 100 za kimo inazoshuka, nguvu inayopaswa kuzuiwa ingetosha kuchemsha zaidi ya lita tisa za maji ya kawaida. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na injini iliyo katika gia ndogo. Inayobaki hugeuka joto ndani ya breki.

Chuma kikipata joto hutanuka. Dramu yenye kipenyo cha milimita 295, ikipanda joto kwa nyuzi 300 za Sentigredi, huongezeka kipenyo kwa karibu milimita moja. Yaani dramu inakimbia viatu, wakati viatu vinaikimbilia. Katika diski mambo ni kinyume: ikitanuka huzisogelea pedi zake. Kwa hiyo dramu iliyoanza safari ikiwa na pengo kubwa, ikishapata moto, inaweza kuifikisha pedali sakafuni bila viatu kuikaza vya kutosha.

Joto lina madhara mengine mawili. La kwanza, lainingi ikizidiwa na moto hupoteza ukali wake wa kusugua, na dereva huhisi breki imekuwa ngumu lakini gari halipungui mwendo. La pili linahusu mafuta ya breki. Mafuta haya huvuta unyevu wa hewa. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Sentigredi, lakini yakishavuta unyevu kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4, ni nyuzi 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na unyevu. Mafuta yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali huzama kana kwamba haina kitu chini yake.

Dalili za kumwambia fundi

Mwenye gari anayeweza kueleza dalili vizuri huokoa fedha zake. Mara nyingi pedali inayoshuka chini huhukumiwa kuwa ni ugonjwa wa masta silinda, kifaa kipya kikanunuliwa, na baada ya wiki moja hali ikarudi palepale, kwa kuwa tatizo lilikuwa pengo la viatu vya nyuma.

Pedali inayoshuka chini lakini ikapanda na kuwa ngumu ikikanyagwa mara mbili, kwa kawaida huashiria pengo kubwa nyuma. Pedali inayobonyea kama sifongo huashiria hewa katika mabomba. Pedali inayozama polepole huku mguu ukiwa umetulia juu yake ndiyo inayoelekeza kwenye masta silinda au kuvuja mahali fulani. Gari linalovuta upande mmoja huashiria kwamba breki za pande mbili hazilingani, pengine kiatu kimoja kimelowa mafuta. Handbreki inayopanda sana kabla ya kushika inasema viatu viko mbali, au waya umerefuka.

Namna ya kurekebisha

Kazi hii huwezekana kufanywa na mtu mwenye uzoefu wa zana, lakini breki si mahali pa kujifunzia bila msimamizi. Asiye na uhakika ampe fundi, naye aelewe kinachofanyika ili aweze kukifuatilia.

Gari liegeshwe mahali tambarare, breki zikiwa zimepoa. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kabari pande zote mbili, na sasa jiwe letu limepata kazi yake halali. Handbreki iachiliwe kabisa. Gari likishainuliwa kwa jeki, litegemezwe kwa stendi za chuma chini ya ekseli. Jeki peke yake haitoshi, na matofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Gurudumu likitolewa, dramu hutolewa nayo. Ikigoma, dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye hesi usoni. Bolti mbili zikikazwa humo kwa zamu huisukuma dramu nje bila kuigonga kwa nyundo. Ikiwa imenaswa kwa sababu viatu vimechimba ukingo ndani yake, itabidi kwanza viatu virudishwe ndani. Nyuma ya bamba kuna tundu dogo lililozibwa kwa mpira. Bisibisi moja huingizwa kusukuma kando kikono kinachoizuia nyota, na ya pili huizungusha nyota.

Vumbi lililomo lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Viatu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani limekwishaeleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Vumbi lilowanishwe kwa maji au dawa ya kusafishia breki, kisha lifutwe kwa kitambaa kitakachotupwa.

Baada ya hapo ni ukaguzi. Unene wa lainingi upimwe. Kwa Toyota nyingi kikomo ni milimita moja, lakini mwenye busara hasubiri kifikiwe. Kipenyo cha dramu nacho kipimwe. Kikomo chake huandikwa kwenye dramu yenyewe: dramu ya milimita 295, kwa mfano, haipaswi kuzidi 297. Dramu iliyozidi kikomo imekuwa nyembamba, huhifadhi joto kidogo na inaweza kupasuka. Kuipeleka kwa mkereza vyuma ikachongwe tena ni kuongeza tatizo.

Mipira ya silinda ifunuliwe kidogo. Ukikuta majimaji ndani yake, silinda inavuja. Ukikuta mafuta mazito yenye harufu ya oili ya gia yametapakaa kwenye bamba, sili ya ekseli imekufa. Kiatu kilicholowa mafuta ya aina yoyote kisioshwe kwa petroli wala kuchomwa moto kama ilivyo desturi katika baadhi ya gereji. Mafuta yameshaingia ndani ya lainingi, na joto litayatoa tena siku ya hatari. Viatu vibadilishwe, na vibadilishwe pande zote mbili, ili gari lisivute upande mmoja.

Nyota itolewe, isafishwe kwa brashi ya waya, hesi yake ipakwe grisi kidogo ya kuhimili joto, na ihakikishwe kwamba inazunguka kwa vidole. Katika magari mengi nyota ya kulia na ya kushoto zina hesi zinazokwenda pande tofauti. Zikibadilishana mahali, utaratibu wa kujirekebisha hufanya kazi kinyume: kila unapofanya kazi, viatu husogea mbali na dramu. Kwa sababu hiyo ni busara kufungua upande mmoja kwa wakati, ili ule mwingine ubaki kuwa kielelezo.

Grisi kidogo ipakwe pia mahali ambapo viatu vinasugua bamba, lakini isiguse lainingi. Kisha dramu irudishwe na marekebisho yaanze. Nyota izungushwe, jino baada ya jino, hadi dramu igome kuzunguka. Pedali ikanyagwe mara kadhaa ili viatu vikae katikati, na nyota ijaribiwe tena. Halafu irudishwe nyuma meno machache, hadi gurudumu lizunguke kwa uhuru huku likisikika kukwaruza kwa mbali. Upande wa pili ufanyiwe vivyo hivyo. Kwa baadhi ya Toyota, tofauti kati ya kipenyo cha dramu na kile cha viatu huwekwa kuwa milimita 0.6 tu. Jilinganishie na ule mwongezeko wa milimita moja unaoletwa na joto, uone kwa nini pengo la ovyo haliwezi kuvumiliwa.

Kubana kupita kiasi nako kuna adhabu. Viatu vinavyogusa dramu wakati wote huiunguza lainingi hadi ing'ae kama kioo, hula mafuta ya gari, na hufika mlimani vikiwa tayari vina moto.

Handbreki huja mwisho

Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa kila siku. Handbreki ikilegea, fundi huenda moja kwa moja kwenye nati ya waya na kuikaza. Dereva huridhika, kwa kuwa mkono sasa unashika karibu. Kumbe waya uliokazwa kupita kiasi umevivuta viatu kutoka mahali pake pa kupumzikia, na katika magari mengi jambo hilo huuzuia utaratibu wa kujirekebisha usifanye kazi. Pengo la kweli halijazibwa, limefichwa.

Utaratibu sahihi ni viatu kwanza, waya baadaye. Viatu vikishakaa sawa, mara nyingi handbreki hurudi yenyewe katika hali yake. Idadi ya milio inayotakiwa kabla haijashika imeandikwa katika kitabu cha gari husika, na ndiyo ya kufuatwa.

Kazi ikiisha, pedali ikanyagwe gari likiwa limesimama, kabla ya kuingia barabarani. Gari lijaribiwe likiwa tupu, mahali pasipo na watu, kwa mwendo mdogo. Baada ya kilomita chache mwenye gari asimame na kusogeza kiganja karibu na rimu za nyuma bila kuzigusa. Upande ulio na joto jingi kuliko mwenzake umebanwa mno. Viatu vipya navyo vifunzwe kwa kufunga breki kwa upole kwa siku kadhaa, kabla ya kupakia mzigo mzito.

Vali inayosahauliwa

Pikapu nyingi zina kifaa kingine ambacho wenye magari hawakijui: vali ya kugawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Imefungwa kwenye chesisi juu ya ekseli ya nyuma, na kijiti chake kimeunganishwa na ekseli. Gari likipakiwa, bodi hushuka, kijiti huinuka, na vali huruhusu nguvu zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, vali hupunguza nguvu hiyo ili tairi za nyuma zisikwame na kuteleza.

Sasa tazama linalofanyika mitaani. Mwenye pikapu anataka kubeba zaidi, anaongeza springi nyuma. Bodi inapanda na haishuki hata ikiwa na mzigo. Vali inadanganyika: inadhani gari ni tupu, na inazinyima breki za nyuma nguvu wakati ule ule zinapohitajika zaidi. Gari limeongezewa mzigo, likapunguziwa breki, kwa gharama ya mwenyewe.

Dawa si kuing'oa vali wala kuifunga kwa waya ikae wazi. Pikapu tupu yenye nguvu kamili nyuma, katika lami iliyolowa mvua, huweza kugeuka na kutazama ilikotoka. Kijiti kinapaswa kupangwa upya kulingana na kimo kipya cha gari, na fundi mwenye geji ya kupima msukumo wa mafuta ndiye anayeweza kuhakikisha kimepangwa sawa.

Wanaotaka kuziongezea nguvu

Wapo wanaoona kwamba breki zilizotoka kiwandani hazitoshi. Kabla ya kununua chochote, ni vyema wajiulize kama wamewahi kuzifikisha hizo walizonazo katika ubora wake. Viatu vyenye lainingi ya kuaminika, dramu zilizo ndani ya kipimo, mipira mipya ya mafuta na mafuta yanayobadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi huleta mabadiliko ambayo wengi huyaona kama gari jipya.

Baada ya hapo, njia mojawapo ni kuweka silinda kubwa zaidi. Silinda ya milimita 20.6 ikibadilishwa na ya milimita 23.8, eneo la pistoni huongezeka kwa karibu theluthi moja, na nguvu ya kusukuma viatu vivyo hivyo. Lakini hakuna cha bure: silinda kubwa hunywa mafuta mengi, hivyo pedali hushuka zaidi. Uwiano wa mbele na nyuma nao hubadilika, na pikapu ikiwa tupu tairi za nyuma zinaweza kukwama mapema.

Njia ya pili ni kuhamisha dramu kubwa kutoka toleo jingine. Kutoka kipenyo cha milimita 254 hadi 295, nguvu ya kuzuia gurudumu huongezeka kwa takriban asilimia 16 kwa msukumo ule ule, na chuma kingi zaidi hupatikana cha kubeba joto. Hata hivyo bamba, viatu, silinda na waya wa handbreki lazima vitoke pamoja kama seti, na vikae katika ekseli bila kuchomelewa.

Njia ya tatu, inayopendwa na vijana, ni kuweka diski nyuma. Diski hupoa haraka na hutoa maji upesi. Lakini haina ile tabia ya kujikaza, hivyo kwa msukumo ule ule inaweza kushika kidogo kuliko dramu iliyotolewa. Huenda masta silinda na vali vikahitaji kubadilishwa, na handbreki kutafutiwa njia mpya. Wapo waliotumia fedha nyingi wakaishia na gari linaloonekana la kisasa lakini lisiloweza kuegeshwa mlimani. Mabadiliko ya namna hii yafanywe na mtaalamu, na kampuni ya bima ijulishwe.

Mguu wa dereva

Hakuna breki inayoweza kumwokoa dereva anayeteremka mlima kwa gia kubwa. Kanuni ni kuingia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, kuiacha injini izuie, na kutumia breki kwa vipindi: kukanyaga kwa uthabiti, mwendo ukipungua kuachia ili ipoe. Kuikalia pedali kuanzia juu hadi chini ni kuipika breki.

Kuzima injini ili kuokoa mafuta ni hatari kubwa zaidi. Kifaa kinachousaidia mguu hutegemea injini. Ikizimwa hubaki akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha pedali huwa ngumu kama ukuta.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa breki ya dramu ni pengo lisilofikia unene wa kucha, na huzibwa kwa kuzungusha nyota meno machache. Leo jioni, mahali penye mwinuko mdogo na pasipo watu mbele wala nyuma, vuta handbreki huku mguu ukiwa umekanyaga breki, kisha uachie pedali taratibu. Gari likisogea, usitafute jiwe. Mtafute fundi.